Scola Ndaki: Miaka Thelathini na Mitatu ya Kusubiri Mto Kalumbi Utulie

Tarehe 27 Machi mwaka huu Bi. Scola Ndaki, Afisa Uvuvi Msaidizi, anatimiza umri wa miaka sitini na kustaafu baada ya kuitumikia ofisi yetu ya uvuvi kwa miaka thelathini na mitatu. Kamati ya sherehe iliona vyema kumuaga siku hiyohiyo. Ukumbi ukapatikana, mpishi akapatikana, barua ikaandikwa. Bi. Scola akajibu kwa simu, maneno manne tu: "Wiki hiyo nasoma maji." Kwa hiyo hafla imesogezwa hadi Aprili, na wasifu huu umeandikwa mara mbili. Waliowahi kufanya naye kazi hawakushangaa. Walitikisa kichwa tu.

Kwa wenzetu wa idara nyingine, ambao kila mwaka huuliza ofisi ya uvuvi inafanya nini Mpanda mahali pasipo na ziwa, ni vizuri tueleze tena, pengine safari hii itawaingia. Mto Kalumbi unashuka kutoka vilima vya Mlele, unapita mashamba ya upande wa Litapunga, kisha unajaza bwawa linaloitwa kwa jina hilohilo. Desemba, mvua zikishakolea, mto na bwawa hufungwa ili samaki wazae. Machi ikiingia, kila mvuvi wa eneo lile huwa na swali moja mdomoni: tunafungua lini? Mtu wa kulijibu swali hilo, kwa maandishi, kila Ijumaa, alikuwa Bi. Scola.

Alilijibu kwa vitu vitatu. Cha kwanza ni sahani nyeupe ya bati, iliyotobolewa katikati na kufungwa kamba yenye mafundo. Aliizamisha akiwa ndani ya mtumbwi, akahesabu mafundo hadi sahani ipotee machoni. Mwanzoni mwa msimu maji ya Kalumbi yana rangi ya chai ya maziwa, na sahani hupotea kabla hata ya fundo la kwanza kulowa. Mafundo matatu yasipofika, hakuna cha kuzungumza. Cha pili ni mdomo wa perege. Perege jike hutunza mayai na watoto wake mdomoni; Bi. Scola alimfungua kwa kidole gumba juu ya beseni, na vitoto vikimwagika kama ufuta, aliandika "bado" na kumrudisha mama na wanawe majini. Cha tatu ni nguzo ya vipimo kule juu, mto unapotoka vilimani. Maji yakiruka, yaani yakipanda ghafla, kwenye nguzo hata mara moja ndani ya siku kumi, mto haujatulia, wasimame watu watatu au mia waseme umetulia.

Kuanzia tarehe mosi Machi simu yake haikupumzika. Mama, vitoto vimetoka mdomoni? Mama, jirani yangu ameona maji meupe. Mama, mwaka jana tulifungua tarehe kumi na nane. Hili la mwaka jana lilimkera kuliko yote. "Mambo ya mwaka jana ungeniuliza mwaka jana," alijibu, na kukata simu.

Bi. Scola alizaliwa katika familia ya wafugaji waliohama na ng'ombe zao kutoka upande wa Shinyanga, wakaweka makazi Mamba, Mpimbwe. Baba yake, Mzee Ndaki, hakuwahi kuelewa kwa nini binti wa mfugaji aende chuo kusomea samaki. "Ng'ombe unamwona," alimwambia. "Samaki utamhesabuje na yuko chini ya maji?" Bi. Scola alijibu kwamba ndiyo maana wanatafuta mtu wa kusomea. Aliajiriwa mwaka 1993, akapewa pikipiki ya ofisi ambayo haikuwa na breki ya nyuma, na eneo la kazi ambalo mtu mwenye breki zote mbili angelikataa.

Kufanya kazi chini yake haikuwa raha, na wasifu huu hautadanganya. Mwandishi wa maneno haya alifika ofisini mwaka 2014 akiwa na diploma mpya na shati jeupe. Taarifa yake ya kwanza ilirudishwa mara nne. Mara ya kwanza aliandika kwamba maji yamepungua kiasi. "Kiasi cha kikombe au cha pipa?" Bi. Scola aliuliza. Mara ya pili alipima kutoka ukingoni badala ya mtumbwini. Mara ya tatu alisahau kuandika saa. Mara ya nne hakukuwa na kosa lolote, ila Bi. Scola alitaka kuhakikisha kwamba ni yeye mwenyewe aliyepima, hivyo wakarudi wote wawili bwawani, kilometa thelathini kwa pikipiki, wakapima upya. Jibu lilikuwa lilelile. Hakuomba radhi. Alisema, "Sasa tunajua."

Mwaka uliofuata alikuja mzee mmoja wa Arusha, rubani mstaafu, aliyezoea kuvua kwenye mito ya milimani huko kwao. Alikuja na fimbo nyembamba kama unyasi na kisanduku cha ndoano zilizofungwa manyoya ya kuku ya kila rangi, zifanane na wadudu wanaotua juu ya maji. Ilikuwa Machi. Bi. Scola alimruhusu ajaribu sehemu moja ya mto isiyo na mazalia, lakini alimwonya kwanza.

"Mzee wangu, maji haya samaki haoni hata mkia wake mwenyewe. Unyoya wako ataonaje?"

Mzee alicheka, akavua siku mbili. Alinasa mzizi, tawi, na kofia yake mwenyewe. Alirudi mwishoni mwa Mei, Kalumbi imekuwa angavu hadi mawe ya chini yanahesabika, akapata samaki kumi na mmoja asubuhi moja, kisha akatuandikia barua ndefu ya shukrani. Bi. Scola aliisoma yote. Maoni yake yalikuwa kwamba mzee angeokoa siku mbili kama angesikia mara ya kwanza.

Mafanikio yake makubwa hayamo kwenye faili lolote. Kwa miaka kumi alihangaika na watu waliokokota vyandarua vya mbu kwenye maji yaliyofungwa. Alikamata, alichoma nyavu, alihubiri. Wiki inayofuata alikuta vyandarua vingine. Mwishowe alichoka na wavuvi, akawaendea wauza samaki. Alimkuta Joséline, aliyekuwa kiongozi wa akina mama wanaokaanga samaki Misunkumilo, akamwomba beseni. Mbele ya wanawake wote akafungua mdomo wa perege mmoja aliyeletwa asubuhi hiyo. Vitoto vikamwagika, vingi vikiwa vimeshakufa. Wanawake walisogea, wakachungulia beseni. Joséline, ambaye wakati ule alikuwa na mtoto mgongoni, alisema tu, "Huyu tumemla na ukoo wake." Tangu msimu ule akina mama wa Misunkumilo hawanunui samaki wa Machi bila kumfungua mdomo, na mvuvi asiye na mnunuzi huanika chandarua chake mapema. Bi. Scola alikuwa na hasira juu ya ushindi huo kwa muda mrefu. Alisema alipaswa kuwaza hivyo mwaka wa kwanza, siyo wa kumi.

Sasa tufike Machi 2017, ambayo wengi humu ofisini wanaijua nusu.

Mkuu wetu wa wakati ule, ambaye alishahama zamani, alipanga ufunguzi wa msimu uwe sherehe. Ulipangwa Jumamosi tarehe 11, na mgeni rasmi, maturubai na spika za muziki pale bwawani. Kilichobaki kilikuwa karatasi ya hali ya maji, na karatasi hiyo ilihitaji sahihi. Ijumaa asubuhi alimwita Bi. Scola. Mwandishi alikuwa chumba hichohicho, meza ya dirishani.

"Bi. Scola, kadi za mwaliko zimeshatoka. Mgeni rasmi amethibitisha."

"Kadi mmewapelekea watu," alijibu. "Mto nao mmeupelekea?"

"Unanijibu hivyo mimi?"

"Nakujibu kuhusu maji, mkuu. Sahani inapotea fundo la kwanza. Perege saba kati ya kumi wana watoto mdomoni. Maji kwenye nguzo ya juu yameruka mara mbili wiki hii. Nipe wiki mbili. Leo sisaini."

Mkuu hakubishana. Alimwandikia safari ya kwenda Mamba siku hiyohiyo, akakague mabwawa ya kufugia samaki, kazi ambayo ingeweza kusubiri hadi Juni. Bi. Scola aliichukua barua, akatoka. Kisha mkuu akageukia meza ya dirishani.

Hapa itabidi niache kujiita mwandishi. Aliyekaa pale ni mimi, Method. Mkuu alisema, "Wewe una diploma, yeye ana cheti. Jaza." Sikuwa nimefika mtoni wiki nzima. Nikaandika kwamba maji yameanza kuwa safi na mto umetulia kiasi. Nikasaini. Nakumbuka kalamu ilikuwa na wino mzito, nikapuliza sahihi yangu ikauke. Karatasi ikabandikwa kwenye ubao wa mwaloni, pale wavuvi wanapoegesha mitumbwi, kabla ya saa nane.

Jumamosi Mpanda jua lilikuwa kali. Vilimani mvua ilikuwa imenyesha tangu jana yake mchana. Bi. Scola hakuwa Mamba. Saa kumi na mbili asubuhi alikuwa kwenye nguzo ya juu na pikipiki yake, na namba zote za nguzo zilikuwa zimefunikwa. Simu huko haishiki. Akageuza, akashuka njia ya mawe hadi kwenye kivuko cha chini, ambako wavuvi wa ndoano wapatao arobaini walikuwa wameshaingia hadi kwenye kisiwa cha changarawe katikati ya mto, kina kikiwa bado cha magoti. Yaliyofuata niliyasikia kwa Sixte, mwenyekiti wao, ambaye ni mume wa Joséline.

Aliwaambia watoke. Sixte akamjibu kwa heshima, "Mama Scola, karatasi ipo na imesainiwa. Inasema mto umetulia."

"Karatasi imesainiwa mezani. Mto uko hapa. Tokeni."

"Miezi mitatu tumekaa nyumbani. Nyie kila mwaka ni bado, bado. Leo mmesema tayari, unarudi wewe unasema bado."

Alipaza sauti hadi ikakauka. Wachache wakatoka. Waliobaki wakamgeuzia mgongo na kuendelea kurusha ndoano. Basi akaacha kusema. Akaingia majini na viatu vyake, akapita katikati yao akikusanya mitungo ya samaki waliyokuwa wamevua, akachukua na fimbo ya Sixte, akapanda ukingo na kuendelea kutembea kuelekea shambani. Ukimnyang'anya mvuvi samaki wake wa kwanza wa msimu, atakufuata hata kanisani. Walimfuata karibu wote, wakitukana Kiswahili na Kirundi, wengine wakicheka kwa hasira. Sixte anasema alikuwa ameshamshika mkono wa gauni, mahindi yakiwa yanawafika kifuani, aliposikia nyuma yao sauti kama lori la mawe linamwaga. Aligeuka. Kisiwa cha changarawe hakikuwepo. Palikuwa na maji mekundu na miti mizima inapita imelala.

Watu wawili walikuwa wamebaki nyuma. Mmoja aliruka akashika majani ya ukingo. Wa pili alikuwa Didace, mdogo wake Sixte. Maji yalimchukua hatua kama mia mbili, yakamtupa kwenye mizizi ya mkuyu na kumshikilia hapo. Ng'ambo ya pili kulikuwa na wafugaji wamekuja kunywesha. Bi. Scola aliwapigia kelele kwa Kisukuma, kwa ile sauti iliyobaki, nao wakafungua kamba za ng'ombe, wakaziunganisha, na mzee mmoja akajifunga kiunoni akaingia. "Mayu, ninyooshee njia," alimwomba, kama mtu anavyomwomba mama yake, na Bi. Scola alisimama ukingoni akimwelekeza jiwe kwa jiwe mpaka alipomfikia. Didace alitoka hai. Mkono wake wa kulia ulivunjika mahali pawili, na hadi leo haunyooki.

Kule bwawani mimi nilikuwa chini ya turubai. Maji yalipoingia yalichukua viti vya mbele, na hotuba ikaishia hapo. Hakuna aliyeumia. Watu walikimbia, na mimi nikakimbia pamoja nao.

Ningependa kuandika kwamba haki ilitendeka. Kilichotokea ni kwamba Bi. Scola alipewa barua ya onyo kwa kutokwenda Mamba. Aliisoma, akatoboa matundu mawili, akaiweka kwenye faili lake kwa mpangilio wa tarehe, kisha akaenda Mamba, akakagua mabwawa. Kupandishwa kwake cheo kulichelewa miaka sita. Karatasi ya hali ya maji ilikuwa imelowa ubaoni, sahihi ikawa doa la bluu, na hakuna aliyeuliza ni ya nani. Mimi sikusema. Nilikuwa na mke mjamzito na miaka mitatu kazini, na kila siku niliahidi kusema kesho.

Kwa miaka tisa nimekaa meza moja na mwanamke huyu nikisubiri anigombeze. Mtu aliyenirudishia taarifa kwa sababu ya saa iliyosahaulika hakuwahi kuligusa jambo hili. Alinigombeza kwa pikipiki chafu. Alinigombeza kwa kumwita perege "samaki wa kawaida". Kila Machi alinichukua mtumbwini, akanipa kamba ya sahani nihesabu mafundo, akaandika nilichosema bila kuhakikisha tena. Mnajua hilo linavyochosha? Kuaminiwa na mtu ambaye hujui kama anajua?

Mwezi uliopita nilikwenda kwake Litapunga kuchukua maelezo ya wasifu huu. Nyumba yake iko karibu imalizike, anaweka madirisha. Nilimwomba picha yake ya ujana ya kuchapisha, akanipa picha ya nguzo ya vipimo ya mwaka 1998. Nikamwambia hii siyo wewe. Akasema ni yeye aliyeipiga. Nilipoona naanza kukasirika ndipo nikapata nguvu ya kusema.

"Dada, ile karatasi ya mwaka 2017. Ni mimi niliyesaini."

Alikuwa anapima fremu ya dirisha kwa futi. Alimaliza kwanza kupima.

"Najua," alisema. "Nani mwingine ofisini anaandika 'kiasi'?"

"Sasa mbona hukusema? Miaka tisa, dada. Barua ya onyo ulipewa wewe. Cheo kilikawia kwako."

"Nilikasirika," alisema. "Usifikiri sikukasirika. Mwaka mzima nilikuwa siwezi kukutazama nikamaliza chai yangu." Akaandika kipimo ukutani kwa penseli. "Halafu mwaka uliofuata ukakataa kusaini karatasi ya mkuu mpya mpaka ufike mtoni. Nilikuwa mlangoni, nilikusikia. Tangu hapo hujasaini karatasi bila kufika. Ningekugombeza ili upate nini ambacho huna?"

Nikamuuliza kama amewahi kumwambia Sixte.

"Hilo siyo langu," alisema. "Hilo ni lako."

Nilikwenda kwa Sixte siku hiyohiyo, jioni jua likiwa bado juu. Didace naye alikuwepo, anafunga mzinga wa nyuki kwa mkono wa kushoto na meno. Niliwaeleza wote wawili. Sixte aliinuka akatoka nje, na hajaniamkia tangu siku ile, ninamwelewa. Didace alibaki. Aliniuliza swali moja tu, kama nilijua kwamba watakuwemo mtoni. Nikamwambia sikujua, kwa sababu sikwenda kuangalia. Akafikiri, kisha akanipa ncha ya kamba nimshikie, akamalizia fundo lake.

Mkuu wetu wa sasa amesoma aya hizi na amesema zibaki. Ameagiza pia ile barua ya onyo iondolewe kwenye faili la Bi. Scola kabla ya tarehe yake ya kustaafu. Bi. Scola alipoambiwa, aliuliza kwa nini hilo limechukua muda wote huo, swali ambalo ofisi imeshindwa kulijibu.

Dada Scola, wavuvi wa Kalumbi wanakushukuru, ingawa wengine watakushukuru kwa kulalamika. Akina mama wa Misunkumilo wanakushukuru. Ofisi hii inakushukuru kwa miaka ambayo sisi tulikuchosha na wewe ukatuchosha, na kazi ikafanyika. Mimi nakuomba radhi hapa mbele ya kila mtu, maana kosa lenyewe nililifanya kwa siri. Mungu akulinde Litapunga, akupe afya, nyumba isiyovuja, na wajukuu wanaosikia wakiambiwa mara moja.

Method, Ofisi ya Uvuvi